Jivu, Jiwe na Mifupa ya Sangara: Kutengeneza Glezi Ukiwa Ilemela

Tanuri la matofali ya kuchoma likishabomolewa, chungulia matofali yaliyokaa karibu kabisa na mdomo wa moto. Utakuta machache yamevaa ngozi nyeusi ya kijani inayong'aa kama kitako cha chupa ya bia. Fundi ujenzi huyatupa kando kwa kuwa saruji haiyashiki vizuri. Wewe mfinyanzi yaokote. Ngozi hiyo ni glezi: majivu ya kuni yalipanda na mwali, yakatua juu ya tofali, yakayeyuka pamoja na mchanga ulio ndani ya udongo, yakapoa yakiwa kioo. Hakuna aliyepima kitu wala aliyenunua kopo dukani.

Vyungu vya asili vya ukanda huu wa Ziwa Victoria havivai kioo hicho. Vile vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo upande wa Kenya na ambavyo vigae vyake vimefukuliwa hadi Kagera, ni vya miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Vimechanjwa michoro ya kupendeza, lakini vimebaki udongo mtupu. Moto haukukosekana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi tanuri za Buhaya, hukohuko Kagera, zilivyoyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, na katika tanuri za namna hiyo ncha za mabomba ya udongo yanayopitisha upepo huyeyuka na kung'aa. Kioo kilikuwapo, ila kilikaa kwenye bomba la mhunzi. Na nadhani mfinyanzi hakukitamani. Mtungi unaotoa jasho ndio unaopooza maji. Ukiupaka glezi umeua kazi yake. Chungu cha kupikia juu ya mafiga nacho kikivaa kioo hupasuka upesi. Basi amua kwanza unatengeneza nini. Kikombe, bakuli, sahani, kigae cha ukutani: hivyo vinafaa. Mtungi uache ulivyo.

Hatua ya kwanza: uulize moto wako

Anayeanza huja na swali moja, "Nipe vipimo." Vipimo ni jambo la mwisho. Glezi inayong'aa vizuri kwenye moto wa mtu mwingine itabaki vumbi kwenye moto wako, au itachuruzika mpaka igandishe bakuli kwenye sakafu ya tanuri.

Udongo mwekundu wa mabondeni, ule wa vyungu na majiko, kwa kawaida huiva kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Ukiupeleka karibu na 1,150, mwingi huvimba, hupinda au hukaa chini kama uji. Granite ya Mwanza, kwa upande wake, haiwi glezi nzuri mpaka uvuke 1,200. Hapo ndipo pana kazi: jiwe linataka moto ambao udongo hauuwezi. Njia ni mbili. Ya juu, 1,220 hadi 1,280, inadai udongo mvumilivu, yaani udongo wako uliochanganywa na udongo mweupe wa kaolini kama ule wa Pugu, au mweupe unaopatikana chini ya granite iliyooza. Ya chini, 1,000 hadi 1,100, inakuruhusu kubaki na udongo mwekundu, lakini itabidi uazime kioo kilichokwisha kuyeyushwa na mwingine. Nitaanza na ya juu kwa sababu ndiyo inayotumia vitu vya hapa kikamilifu.

Tanuri la majaribio halihitaji kuwa kubwa. Silinda ya matofali yenye upana wa ndani wa sentimita 35 hivi, iliyokandikwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga, mkaa, na feni ya mhunzi ile ya kuzungushwa kwa gurudumu la baiskeli, vinatosha kukufikisha 1,200 na zaidi. Lijenge nje, mahali penye hewa. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua.

Kama huna kipimajoto cha tanuri, tumia macho na vitu vinavyoyeyuka. Wekundu wa damu ya mzee ni kama 700, rangi ya chungwa ni karibu na 950, manjano ni 1,100 na kuendelea. Kipande chembamba cha chupa kilichosimamishwa kwenye donge la udongo huinama kwenye 750 hivi. Shaba huyeyuka 1,085: kata kipande cha waya mnene wa umeme, kiweke kwenye kijikombe cha udongo pamoja na unga wa mkaa, ukifunike, maana hewa huigeuza shaba kuwa ganda jeusi kabla haijayeyuka. Ukikikuta kimekuwa shanga, umepita hapo. Dhahabu huyeyuka 1,064 na ingekuwa kipimo kizuri kuliko vyote, lakini hata aliye jirani na Geita sidhani atakubali.

Hatua ya pili: kukusanya

Glezi hukaa juu ya mafiga matatu. Silika ndiyo inayogeuka kioo. Alumina, inayotoka kwenye udongo, huifanya isimamie chombo bila kuteremka. Kiyeyusho, kama kalsiamu, potasiamu au sodiamu, huishusha silika, ambayo peke yake huyeyuka juu ya 1,700. Kila unachookota jiulize ni figa lipi.

Anza na jiwe. Ilemela, hapa Mwanza, imejengwa juu ya granite. Huhitaji kuchimba, fika tu kwa wapasua kokoto. Ndani ya granite mna kwatzi, ambayo ni silika, mna vipande vyeupe au vya pinki vya felspa vyenye mafiga yote matatu ndani yake, na mna mika nyeusi yenye chuma. Nunua chenga na vumbi lililobaki chini ya kokoto, ambalo ni la bei rahisi. Uliza kwanza jiwe lilipasuliwaje. Likiwa lilichomwa kwa matairi, liache: masizi na mabaki ya waya na zinki vitakuharibia hesabu.

Jivu la kuni ndilo kiyeyusho kikuu, kwa kalsiamu yake. Chukua kwa mama lishe au mkausha samaki mmoja, usichanganye ya wengi. Jivu la mwembe si jivu la mkaratusi, na ukipata glezi nzuri utataka kurudi palepale. Kwenye jivu la jikoni hukosi chumvi, mafuta na plastiki iliyowashiwa moto. Mwombe mwenye jiko akutunzie la siku chache bila mifuko ya nailoni.

Kisha nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jivu la maganda ya mpunga ni silika kwa asilimia 85 hadi 95, jambo ambalo wafinyanzi wa Japani na China wamelitegemea kwa karne nyingi kupata glezi nyeupe kama maziwa. Magunia matano ya maganda hukupa takriban gunia moja la jivu kwa uzito. Yachome polepole yakiwa rundo lililotulia mpaka yawe ya kijivu cheupe. Yakibaki meusi yana kaboni, yarudishe motoni.

Maganda ya konokono wa ziwani, yale yanayosagwa kuwa chakula cha kuku, ni kalsiamu karibu tupu. Okota makavu ya ufukweni tu. Usiingie kwenye maji ya kina kifupi kuwafuata walio hai, maana konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Ukipita Mwaloni Kirumba, ulizia mifupa ya sangara. Mapanki yakishaliwa, mifupa huchomwa mpaka iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole, nayo hutoa kalsiamu na fosfeti. Kijiko kimoja katika glezi huleta ukungu wa samawati ambao sijaupata kwa kitu kingine chochote. Ichome mbali na nyumba za watu. Harufu yake itakugombanisha na mtaa mzima.

Chuma cha kutia rangi kimejaa: udongo mwekundu wa barabara ya moramu unatosha.

Sasa vya kuacha. Magugu maji ni kishawishi, yapo mengi na jivu lake lina potasiamu tele, lakini mmea huo hunyonya madini mazito yaliyomo majini, kwa hiyo usiuweke kwenye chombo cha chakula. Marudio ya machimbo ya dhahabu usiyaguse: yana zebaki, na mengine arseniki. Risasi ya betri huyeyusha glezi kirahisi kuliko kitu chochote, na kwa sababu hiyohiyo imewatia sumu watu duniani kote kwa karne nyingi. Haina nafasi kabisa. Udongo nao usichimbe ukingoni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji.

Hatua ya tatu: kusaga na kuchekecha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na hainogi kuisimulia. Pasha mawe ya granite mpaka yawe mekundu, yatumbukize kwenye ndoo ya maji ukiwa umesimama mbali na umevaa miwani. Yatalegea na kusagika. Twanga kwenye kinu cha chuma, kisha saga yakiwa na maji juu ya jiwe la kusagia. Kinu cha mbao kitaisha kabla ya jiwe. Pitisha sumaku ya spika juu ya unga mkavu utoe vichembe vya chuma, hasa kama unataka glezi nyeupe.

Chekecha kwa chekecheo la unga, halafu chuja tena ukiwa na maji kupitia soksi ndefu ya nailoni. Kinachobaki kirudi kwenye jiwe. Maganda ya konokono yakaange kwenye bati mpaka yavunjike kirahisi, usiyafikishe kwenye wekundu, vinginevyo yatakuwa chokaa mbichi ya kuchoma ngozi.

Jivu la kuni lichekeche kavu kwanza, ukiwa umefunga pua na mdomo kwa barakoa ya kweli. Halafu loweka kwenye ndoo, koroga, mwaga maji yanayoteleza kama sabuni, rudia mara tatu. Maji hayo huchubua mikono, vaa glavu. Ukiliosha sana unapoteza potasiamu, usipoliosha glezi inabadilika ndoani kila wiki. Mimi naliosha mara tatu, basi.

Vumbi la jiwe na la jivu la mpunga hukaa mapafuni na halitoki. Saga penye maji kila inapowezekana, na usifagie karakana kavu.

Hatua ya nne: vigae vya majaribio

Hapa ndipo utakapojifunza, na ukipaharakisha yote yaliyotangulia ni bure. Finyanga vigae 30 vyenye umbo la herufi L ili visimame, vichome mara ya kwanza kwenye 850. Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni. Kwenye daftari andika mchanganyiko wa vitu viwili tu: granite 90 na jivu 10, kisha 80 na 20, mpaka 10 na 90. Gramu mia moja kwa kila kimoja inatosha. Chora namba nyuma ya kigae kwa maji ya udongo mwekundu, kalamu itaungua.

Vikitoka motoni vipange juani kwa mstari. Upande mmoja vitakuwa vikavu, vyenye weupe wa jiwe ambalo halijayeyuka. Upande wa pili vimechuruzika, vya kijani cha manjano. Katikati kuna viwili au vitatu vilivyotulia. Hapo ndipo glezi yako ilipo, na hakuna kitabu kingekuambia, kwa sababu hakuna kitabu kilichoandikwa kwa jivu la mama lishe wako.

Ukishapata katikati, ongeza figa la tatu. Pa kuanzia panapokubalika kwingi ni granite 40, jivu la kuni 40, udongo 20. Ukitaka weupe wa maziwa, jaribu granite 40, jivu la kuni 30, jivu la mpunga 30. Mfupa wa sangara uwe 3 au 4 juu ya mia. Udongo mwekundu ukiwa 5 hutoa rangi ya asali, ukiongeza sana huelekea kahawia na weusi. Moto nao una kauli: tanuri lenye hewa ya kutosha hutoa asali, lililonyimwa hewa na kujaa moshi hukigeuza chuma kilekile kuwa kijani cha maji.

Njia hii si ngeni Afrika. Mwingereza Michael Cardew alifika Abuja, Nigeria, mwaka 1951 na kuanzisha kituo kilichotengeneza glezi kwa mawe na majivu ya hapo. Aliyejulikana zaidi kati ya wafinyanzi wake ni Ladi Kwali, aliyefinyanga mitungi kwa mkono kama alivyofunzwa kwao kisha ikavishwa glezi hiyo. Sura yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza hukohuko miaka ya 1970, na akaishia kujulikana duniani kwa vyungu visivyo na glezi kabisa, vilivyosuguliwa tu mpaka vikang'aa. Namkumbuka kila mtu anaponiambia kwamba chungu bila kioo ni cha kishamba.

Hatua ya tano: kama moto wako unaishia 1,100

Okota chupa. Kioo cha chupa tayari kina silika kama asilimia 70, sodiamu na kalsiamu. Kipashe, kitie majini, kitwange kikiwa na unyevu. Usitumie kioo cha televisheni za zamani, kina risasi, wala mirija ya taa, ina zebaki. Pima unga wa chupa 75, boraksi 10, udongo mweupe 15. Boraksi huuzwa kwa masonara na kwa wanaochenjua dhahabu, hivyo katika kanda hii haikosekani. Iweke mbali na watoto na vyombo vya kula. Kwa kuwa huyeyuka majini, ichanganye kwanza na unga wa chupa, iyeyushe kwenye bakuli la udongo motoni, iache ipoe, ponda tena, ndipo uongeze udongo. Magadi ya sokoni yaweza kushika nafasi ya boraksi kwa utaratibu uleule, ila glezi yake hupasuka zaidi.

Nisikufiche: glezi hii karibu kila mara hupata nyufa kama nywele, na udongo mwekundu ulio chini yake unakunywa maji. Ni nzuri kwa vigae vya ukutani na mapambo. Mchuzi usiutie humo.

Hatua ya sita: kupaka na kuchoma

Changanya glezi na maji mpaka iwe nzito kama maziwa mgando yaliyokorogwa. Kipimo cha kuaminika ni lita moja kuwa na uzito wa kilo 1.4 hadi 1.5. Futa vumbi kwenye chombo kwa kitambaa chenye unyevu, usikishike kwa mikono yenye mafuta, kitumbukize, hesabu hadi tatu, kitoe. Tabaka liwe na unene wa kadi ya benki. Kisha futa kitako chote na nusu sentimita juu yake mpaka udongo uonekane. Vyombo vyangu vitatu vya kwanza niliviondoa tanurini kwa nyundo kwa sababu niliona hilo ni jambo dogo. Paka sakafu ya tanuri mchanganyiko wa kaolini na jivu la mpunga, ili kitakachochuruzika kibanduke.

Anza na moto mdogo saa mbili nzima mpaka unyevu wote utoke. Kisha ongeza mpaka rangi ya chungwa, ndipo uwashe feni kwa nguvu. Ukifika ulikotaka, shikilia hapo dakika 20 hadi 30. Chungulia kupitia tundu kwa miwani ya giza. Uso wa glezi ukiwa unaakisi mwali kama maji, imeiva. Ziba kila tundu na uende ukalale. Anayefungua tanuri la moto ili aone haraka husikia vyombo vyake vikilia ting, ting, na kila mlio ni ufa.

Hatua ya saba: kusoma makosa

Ikichuruzika, ongeza udongo au punguza jivu. Ikibaki kavu kama chaki, moto haukutosha au jiwe limezidi. Ikijikunja na kuacha mapengo, ulipaka nene au chombo kilikuwa na vumbi. Nyufa za nywele, ongeza jivu la mpunga kidogo kidogo, 5 kwa kila jaribio. Matundu kama ya sindano, ongeza muda wa kushikilia moto. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilisaidia.

Kabla bakuli halijaenda mezani, weka kipande cha ndimu juu ya glezi, kifunike, kiache hadi kesho yake. Osha, uangalie kwenye mwanga. Palipokaa ndimu pakiwa pamepauka au pamepoteza mng'ao, glezi inaliwa na asidi, na chombo hicho ni cha maua. Kipimo hicho hakioni risasi wala arseniki. Ukianza kuuza vyombo vya chakula, peleka sampuli ikapimwe kwenye maabara, kama ile ya Shirika la Viwango. Na granite yako Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma inaweza kukuambia ina nini ndani. Beba na jina la machimbo ulikoitoa, kwa maana kilima cha jirani kinaweza kuwa na jiwe jingine kabisa.